Rivyu: wale wanaokuja kupima malaria nyumba nzima, nawapa nyota 4

Watu wanaandika rivyu za hoteli na pweza wa kuchoma tu, mie leo naandika ya huduma ya bure ambayo wengi tunaiona ikipita mtaani na hatuijui ni ya nini. Nasema wale jamaa wanaokuja na tablet na boksi la vipimo pale mtu wa nyumba yenu akikutwa na malaria. Hapa kwetu Wete, Pemba, walikuja, na wallahi kazi yao nimeipenda.

Mdogo wangu alikwenda Tanga harusini, karudi, baada ya siku kadhaa homa na kichwa. Duka la dawa moja hivi (jina naliacha) walishaanza kumfungia vidonge bila hata kumtoboa kidole, bi mkubwa akagoma, akamkokota mpaka kituo cha afya cha serikali. Kipimo mistari miwili, yaani malaria ipo. Dawa mseto kapewa bure. Sasa wengi tunadhani mambo yameishia hapo, kumbe kituo kinatuma taarifa kwa simu, inaingia kwenye mfumo wa Coconut Surveillance ambao Zanzibar ilianza kuutumia 2012, ofisa wa malaria wa wilaya anaipata, anapita kituoni kuhakiki halafu anakufuata ulipo ili apime wote mnaolala nyumba moja na mgonjwa.

Huyu wa kwetu alipiga simu kwanza, akaja, salamu zake kamili, kakaa chini barazani na sisi. Kila mtu kidole chake, tone la damu kwenye kile kidude cheupe, matone ya dawa juu yake, kisha mnangoja kama robo saa na yeye anauliza nani kasafiri, kalala wapi, chandarua kipo au kimekuwa cha kufugia kuku (swali zuri hilo, kuna majirani limewahusu). Bibi akaficha mkono ndani ya kanga, eti malaria yake iliisha zamani. Kijana hakubishana, "Bibi yangu, kidole kimoja tu, nakuomba," akatulia, akaendelea na wengine mpaka mwenyewe akautoa. Shemeji alikuwa baharini, kaambiwa akirudi apite kituoni.

Aliyetushangaza mtoto wa wifi yangu, alikuwemo kwenye msafara ule ule wa Tanga, hana homa, hana kichwa, anakimbia na mpira uwanjani, kipimo mistari miwili! Dawa palepale. Huyo asingepelekwa kituo chochote, angekaa nayo mwilini na mbu wa hapa wangemnywa yeye halafu wakaja kwetu sote. Na mbu wenyewe siku hizi wengi wanatung'ata nje, barazani, kabla hata hatujaingia kwenye chandarua.

Kuna watu watasema mbona makeke yote hayo na wenye malaria hapa Zanzibar ni chini ya asilimia 1 ya watu? Muulizeni mzee yeyote. Kampeni ya mwanzo ilishaishusha chini ya asilimia 10, ilipofika 1968 ikasimamishwa, ikarudi kwa kishindo. Miaka ya themanini wakajaribu tena, ikarudi tena. Hii nafuu tuliyonayo sasa imetokana na dawa mseto za 2003 na vyandarua na kupuliza dawa ukutani kuanzia 2006, lakini boti za bara zinaingia kila siku, na sisi wenyewe tumeshakaa miaka bila ya kuumwa kwa hiyo kinga mwilini hatuna tena. Yaani ugonjwa ukiwa mchache ndo wa kufuatwa mlango kwa mlango, ukiwa mwingi utafuata wangapi?

Hiyo nyota moja nimeizuia kwa sababu ya pesa, si kwa vijana. Mambo haya kwa miaka yameegemea sana misaada ya nje, na ile ya Marekani tuliona ilivyositishwa mwanzoni mwa 2025, mtu kaamua huko mbali na huku tunabaki tunaangaliana. Mafuta ya pikipiki na vipimo vya kidole ni vitu vya kuwekwa kwenye bajeti yetu wenyewe, naona hata aibu kusema.

Kwa atakayefikiwa: nyote kaeni nyumbani ikiwezekana, na ulikosafiri sema ukweli hata kama ulikwenda kwa siri zako, hawaulizi kwa nini. Ukishatibiwa usikimbilie kurudia kipimo hicho hicho kwa wasiwasi, kinaweza kuonesha mistari miwili kwa wiki kadhaa hata vimelea vimeshakufa, ila homa ikirudi nenda kituoni wakutazame kwa darubini. Na namba usiyoijua ikikupigia baada ya kukutwa na malaria pokea, si matapeli wa miamala hao.