Monstransi ya shaba, kimo sentimita 50: luneta kwanza, miali baadaye

Parokia ikiamua kurudisha kuabudu Ekaristi Takatifu kila wiki, monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi ili iabudiwe, hununuliwa kwa macho: yenye miali mingi kuzunguka jua lake la juu ndiyo inayobebwa. Hii ya shaba iliyochovywa dhahabu ina miali ya kutosha, lakini mtihani wake uko kwenye luneta, kikasha cha katikati kinachoshika hostia, yaani mkate mwembamba wa Ekaristi.

Luneta yake ni ya vioo viwili, ya kushika hostia kubwa ya sentimita 7. Ijaribuni dukani kwa hostia ambayo haijawekwa wakfu: isimame wima, isiguse kioo. Hapa inapoteza alama. Nafasi kati ya vioo ni finyu. Hostia ikiegemea kioo, unyevu hunaswa hapo na ukungu huota. Luneta ya kishikio chenye umbo la mwezi mwandamo haibani hewa, ila chembe hudondoka, kwa hiyo ifunguliwe kila mara juu ya korporale, kitambaa cheupe cha altareni. Kwa vyovyote, hostia isikae zaidi ya wiki mbili.

Kitako ni kizito na kipana, hakiyumbi. Kifundo cha shina kinashikika vizuri hata kupitia velo ya mabegani, kitambaa kirefu ambacho padre hushikia monstransi. Shina laini huteleza padre anapoinua kutoa baraka. Tatizo ni nati iliyo chini ya kitako: mtikisiko wa maandamano huilegeza, na jua lote la miali likaanza kuzunguka mikononi mwa padre. Mtunza sakristia aikaze kabla ya kila maandamano.

Dawa ya kung'arishia shaba msiiguse kabisa, inakwangua dhahabu. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Nta iliyodondoka ilainishwe kwa maji ya moto, si kwa kisu, na luneta itolewe kwanza.

Kwa matumizi, utaratibu wa Kanisa wa 1973 unataka mishumaa minne au sita, kama kwenye Misa, na unakataza kuweka wazi Sakramenti Kuu kwa ajili ya baraka tu: lazima pawe na masomo, nyimbo na kimya cha kutosha. Padre na shemasi wasipokuwepo, mhudumu wa Komunyo aliyeruhusiwa anaweza kuiweka wazi Sakramenti na kuirudisha tabernakuloni, bila kutoa baraka (kanuni 943 ya Sheria za Kanisa). Nayo ikiwa wazi haiachwi peke yake hata dakika moja. Pangeni wawili wawili kila saa, mmoja akiugua mwingine yupo. Mkiwa na watu wanane wa uhakika, hizo ni saa nne, si usiku kucha. Parokia nyingi huanza na mkesha, zikachoka mwezi wa pili, kisha lawama anabebeshwa paroko.

Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji kama luneta inauzwa peke yake. Kipimo kikiwa cha ajabu, siku kioo kitakapopasuka monstransi nzima itakaa kabatini.