Fataki za kale za gobore: ununue kopo hili au uliache?

Haya watazamaji wangu, karibuni. Leo mezani kuna kopo la bati, kiganja kinalimeza lote, na ndani ni fataki za bunduki za kushindilia, yaani vile vikombe vidogo vya shaba unavyovivisha kwenye chuchu ya bunduki, nyundo ikigonga vinawasha baruti. Za kale, za Uingereza. Nimelipata kwenye maonyesho ya bunduki hapa Marekani. Tangu 2020 fataki mpya ziliadimika sana, na ukiagiza mtandaoni unatozwa ada ya kusafirisha vitu vya hatari. Unaweza kulipia njia zaidi kuliko mzigo.

Tazameni hapa. Shaba bado inang'aa, vizuri. Hizi mbili zina kutu ya kijani, hizo nje, na wala usijaribu kuzikwangua! Fataki za kale nyingi zina fulminati ya zebaki, nayo inalipuka kwa kugongwa tu.

Sasa saizi, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Namba hazilingani baina ya viwanda. Namba 10 ya Remington si namba 10 ya CCI. Na mwenye bunduki ya jeshi ya Enfield ya 1853 anahitaji zile kubwa zenye ukingo kama kofia ya pama, kwa hiyo kopo hili halimhusu. Fataki ikilegea itadondoka, ikibana usiilazimishe.

Twende uwanjani. Mtutu mtupu, miwani usoni, na tuko nje kwa sababu moshi wa zebaki si wa kuvuta. Pa! Hiyo imewaka. Hii je? Kimya. Mmeona? Kungekuwa na baruti ndani, hapo usingeinua wala kugeuza mtutu. Unauacha umeelekea kwenye shabaha, unasubiri dakika nzima, maana moto huweza kuchelewa.

Nyingi zimewaka, ila kulungu hatakusubiri ubadilishe fataki. Ukienda kuwinda, nunua mpya.

Halafu usafi. Za enzi hizo nyingi zina klorati ya potasiamu, na ikiungua inaacha chumvi inayokula chuma. Wengine wanapaka mafuta tu wanajiona wamemaliza. Chumvi inayeyuka kwa maji, jamani! Siku hiyohiyo: maji ya moto, sabuni, kausha, ndipo mafuta. Anayetumia baruti nyeusi huosha hivyo daima, kwake si kazi mpya.

Kwa shabaha za Jumamosi nalipitisha, bei ikiwa chini ya mpya. Mkusanyaji akilikuta bado limezibwa, asilifungue kabisa. Na fataki zibaki kwenye kopo lake, pakavu, mbali na baruti.