Rafu ya Vitabu: Ubao Kwanza, Mapambo Baadaye

Wengi wetu tukitaka kupendezesha vitabu sebuleni huanzia kwenye picha tulizoziona kwenye simu. Tunanunua rafu inayofanana na ile, na mwaka haujaisha ubao umenepa katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi naanzia kwenye uzito. Vitabu vya kawaida vikipangwa mita moja vina kilo 20 hadi 30, na kamusi au vitabu vya sheria huzidi hapo. Ubao ukishapinda, hakuna pambo litakalouficha.

Kwa nyumba nyingi za pwani, chaguo langu la kwanza ni rafu ya paini ya kuchongesha kwa fundi. Tanzania paini si adimu, maana msitu wa kupandwa wa Sao Hill kule Mufindi unatoa mbao kwa wingi, na mafundi wa Keko, Dar es Salaam, wanaijua vizuri. Agiza mbao za moja kwa kumi, yaani unene inchi moja na upana inchi kumi. Upana wake, kama sentimita 25 kabla ya kupigwa randa, unatosha kitabu cha A4 bila kuacha ukingo wa kukusanya vumbi. Kati ya rafu na rafu acha sentimita 33.

Jambo la kusimamia kuliko yote ni urefu wa ubao usio na nguzo. Usikubali uzidi sentimita 75. Hesabu yake iko hivi: vitabu vikiwa vimejaa, ukikata urefu huo nusu, kunepa kunapungua mara 16; ukiongeza unene wa ubao maradufu, kunapungua mara 8 tu. Kwa hiyo nguzo ya katikati inakusaidia kuliko ubao mnene, na gharama yake ni ndogo. Fundi akikuambia nguzo inaharibu muonekano, mwambie wewe ndiye mwenye vitabu.

Nenda ukazione mbao kabla hazijakatwa. Mbao mbichi ni nzito na ukiishika ina ubaridi; ikija kukaukia kwako itajikunja. Uliza kama imetiwa dawa ya wadudu. Viungo vifungwe kwa gundi na skrubu, si misumari mitupu, na chini pawe na miguu ya sentimita 10. Sababu ya miguu nitaieleza.

Ya pili ni mninga. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza, kwa sababu ikishakauka haichezi na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Naishusha kwa ajili ya bei tu: iko juu sana kuliko paini. Kama nyumba ni yako na huhamihami, inunue, watoto wako watairithi. Kagua mambo mawili. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo isiwemo, maana wadudu huianza hiyo. Kisha geuza ubao utazame upande usiopakwa vanishi, kwani wapo wanaopaka paini rangi ya mninga.

Tatu, rafu za ukutani. Zinafaa chumba kidogo, ila ukuta utobolewe kwa drili na kutiwa fisha, vile vijiti vya plastiki vinavyoshika skrubu. Msumari uliokamata plasta utaangusha mzigo wote. Mpangaji amuulize mwenye nyumba kwanza. Nazipenda kwa sababu zinanikumbusha zidaka za nyumba za mawe za Lamu, vile vishubaka vya chokaa iliyochongwa ambamo watu wa karne ya 18 waliweka vyombo vya kauri. Ukuta wenyewe ulikuwa pambo.

Ya nne ni rafu ya chuma, kama zile za stoo. Ina nguvu, haina mchwa, lakini chumvi ya bahari huila, hivyo angalia rangi kwenye pembe na matundu ya skrubu.

Ya mwisho ni ile ya chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, inayouzwa tayari. Niliwahi kuinunua, nyeupe, nzuri kweli. Tulikuwa tunapiga deki kila asubuhi, na maji yakanywewa na kitako chake. Ndani ya miezi michache upande mmoja ulivimba kama mkate uliolowa, skrubu zikatoka zenyewe. Iliniuma, kwa sababu vitabu vya marehemu baba vilikuwa rafu ya chini. Hiyo ndiyo sababu ya miguu.

Milango ya vioo? Dodoma, ndiyo, kwa ajili ya vumbi. Tanga, Mombasa au Unguja, iache wazi. Unyevu ukifungiwa ndani, vitabu vinaota ukungu. Sogeza rafu nzima sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite.

Sasa mapambo. Vitabu vizito viwe chini. Acha karibu theluthi moja tupu, maana rafu iliyosheheni haina pa kupumzisha macho, na vitabu vipya vitakuja. Vichache vilaze, juu yake weka kitu kimoja tu unachokipenda. Kikapu cha milulu cha Iringa kinameza nyaya na chaja. Kinyago cha mpingo ni kizito kiasi cha kushikilia safu isianguke, nacho kinapendeza kuliko kizuizi chochote cha dukani. Chungu cha maua kinachomwagiliwa kiweke kwenye meza ya pembeni, mbali na karatasi.