Uchambuzi: Game Boy ya Mtumba Yenye Mistari Kwenye Kioo

Hamjambo, watazamaji wapendwa. Mashine mnayoiona hapa mezani ni Game Boy ya kwanza kabisa, mashine ya mkononi ya kuchezea michezo ya video kutoka kampuni ya Nintendo, ile yenye namba DMG-01 mgongoni, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Aprili mwaka wa 1989. Niliinunua sokoni Kibuye, hapa Kisumu, kwa shilingi 2,500 pamoja na kaseti moja ya Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka. Muuzaji hakunificha chochote. Aliiwasha mbele ya macho yangu, akanionyesha mistari mitupu iliyokipasua kioo kutoka juu hadi chini, kisha akaniambia, "Kaka, hicho kioo kimekufa, ndiyo maana nakupa kwa bei hiyo." Nilimlipa kwa sababu niliamini kwamba hakijafa, na leo nitawaonyesha nilichokiona kilichonifanya niamini hivyo.

Tuanze na kioo chenyewe. Kina vitone 160 kwa upana na 144 kwa urefu, na kila kitone kinaweza kuwa na kivuli kimoja kati ya vinne. Vitone vya safu moja ya wima hupokea umeme kupitia njia moja, na njia hizo zote hukusanyika katika utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto kwenye ukingo wa chini wa kioo. Gundi ya utepe huo ikilegea kwa uzee, njia moja huachana na kioo, na safu nzima ya vitone hubaki tupu hata kama kioo hakina ufa wala doa. Kwa hivyo mstari mtupu wa wima ni dalili ya mgusano uliolegea. Mistari ya mlalo ni habari nyingine: hiyo hutoka kwenye utepe wa ubavuni, ambao ni dhaifu sana, na mafundi waangalifu hawapendi kuugusa kwa kuwa kuuharibu ni rahisi kuliko kuutengeneza. Ukiona doa jeusi lililosambaa kama wino, hapo kioo chenyewe kimevunjika ndani na hakuna dawa ila kukibadilisha.

Sasa tazameni jambo ambalo mimi hulipenda sana katika mashine hii. Ninaiwasha bila kaseti. Mnaona mstatili mweusi unashuka polepole hadi katikati ya kioo? Mahali hapo ndipo jina la Nintendo lingepaswa kuonekana. Mashine hulisoma jina hilo kutoka kwenye kaseti, baiti 48 (yaani vipande vidogo vya data), kisha huzilinganisha na nakala iliyohifadhiwa ndani yake, na zisipolingana, haiendelei mbele hata hatua moja. Pasipo kaseti, inasoma utupu, na utupu huo huonekana kama mstatili mweusi. Hiki ni kipimo cha bure ambacho mnunuzi yeyote anaweza kukitumia papo hapo sokoni. Ikiwa mistari inaupasua mstatili huo wakati hakuna kaseti, basi kaseti haina hatia. Ikiwa mstatili ni mzima lakini jina linatokea likiwa limechanganyikana baada ya kuchomeka kaseti, basi kioo hakina hatia.

Yangu ilikuwa na makosa yote mawili kwa pamoja, na ndiyo sababu ilionekana kama imekwisha. Mstatili ulikuwa na mapengo tisa ya wima. Nilipochomeka Tetris, jina likaja likiwa vipande vipande na mashine ikasimama hapo. Nilianza na kosa jepesi. Nilichukua kijiti cha pamba cha masikio, nikakilowesha kwa alkoholi ya isopropili, nikasugua meno ya shaba ya kaseti, na pamba ikatoka nyeusi kama iliyopita kwenye sufuria ya kuni. Nilirudia hadi pamba ikabaki nyeupe. Jina likasomeka, na mchezo ukaanza. Nawasihi msipulize kaseti kwa mdomo kama tulivyozoea utotoni, kwa sababu unyevu wa pumzi huongeza kutu kwenye meno hayo. Na spiriti ya vidonda pia si mbadala mzuri, kwa kuwa nyingine huchanganywa na mafuta.

Picha pia ilikuwa imefifia. Kabla hujakilaumu kioo kwa kufifia, zungusha gurudumu dogo la kukoleza picha lililo upande wa kushoto, kisha fungua mahali pa betri. Vyuma vyangu vilikuwa na unga wa kijani ulioachwa na betri zilizovuja, nikavisafisha kwa siki kidogo na kumalizia kwa alkoholi. Mashine hii hutumia mawe manne ya AA, yaani volti 6, na taa nyekundu iliyo kando ya kioo ikianza kufifia, jua kwamba nguvu inapungua. Ukitaka kutumia chaja ya ukutani, hakikisha ni ya volti 6 na kwamba ncha ya ndani ya plagi ni hasi. Chaja ya redio uliyoiokota droani inaweza kuiunguza mashine.

Kwa ile mistari tisa nilikwenda mtaa wa Kondele, hapa hapa Kisumu, kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza redio tangu kabla sijazaliwa. Nilimweleza jinsi utepe ulivyobandikwa, naye akaniambia, "Kijana wangu, hii si kazi ya nguvu, ni kazi ya mkono mtulivu." Skrubu za nyuma ni sita, vichwa vyake vina mkato wa mabawa matatu, na mbili kati yake zimejificha mahali pa betri, kwa hivyo alinoa bisibisi bapa ndogo kwa tupa hadi ikaingia. Alitenganisha nusu mbili za mashine taratibu, kwa maana zimeunganishwa na waya bapa unaoweza kung'oka ukivutwa ghafla. Aliubandua mpira mwembamba ulio chini ya kioo, na hapo utepe ukaonekana.

Angalieni picha hii niliyoipiga kwa karibu. Mashine imewashwa, mstatili mweusi uko kwenye kioo, na fundi anapitisha ncha ya chuma cha kulehemu juu ya ukingo wa utepe. Chuma kilikuwa kimeshapashwa na kuchomolewa kwenye umeme, kikapoa kidogo, kwa sababu kikiwa na moto wake wote kinayeyusha utepe. Hakikandamizi, anakitelezesha tu, kama mtu anayepiga pasi kitambaa cha hariri. Pengo la kwanza likajaa wino. La pili likapepesa, likapotea, likajaa. Baada ya mpito wa kwanza yalikuwa yamejaa saba. Baada ya wa tatu, manane. La tisa, lililo karibu na ukingo wa kulia, lilikataa, na mzee akakiweka chuma chini. Nilitaka ajaribu tena, lakini alikataa, na ninaamini alifanya busara: joto jingi lingeweza kutugharimu yale manane.

Je, ninaipendekeza? Ndiyo, kwa masharti. Nenda sokoni na mawe yako manne na uiwashe bila kaseti. Kama mapengo ni ya wima tu, punguza bei bila haya, kwa sababu utamlipa fundi. Kama kuna hata mstari mmoja wa mlalo au doa la wino, nunua tu ikiwa unatafuta vipuri. Wala usiahidiwe kwamba matengenezo haya ni ya kudumu. Gundi ni ya zamani, na juma lililopita pengo moja lilirudi kwa saa chache asubuhi, kisha likajifunga lenyewe. Mimi niko tayari kurudi Kondele likifunguka tena.

Lile la tisa bado liko pale pale. Katika Tetris matofali huanguka upande wa kushoto wa kioo, nalo limepita upande wa kulia, katikati ya alama, kwa hivyo tarakimu moja tu ndiyo inayosomeka kwa shida. Nimeshafika kiwango cha tisa nikilitazama.