Mtungi wa kuhifadhia insulini bila umeme: uzoefu wangu hapa Mwanza

Nianze na hukumu, asiye na muda asimalize bando lake bure: mtungi wa udongo (vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati) unafaa kwa kichupa cha insulini ulichokwisha kukifungua, na haufai kwa vichupa vya akiba. Muuzaji akikwambia unafanya kazi ya friji, usimkubalie. Friji inakaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na kichupa kisichofunguliwa kinatakiwa kikae humo hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye boksi. Mtungi haufiki huko hata siku ya upepo mkali. Kazi yake ni kukinga kichupa kisipite nyuzi 25 hadi 30, hasa saa nane mchana, bati la nyumba za mlimani Igogo au Mabatini linapowaka. Kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida huvumilia hali hiyo wiki 4. Aina nyingine huenda mbele zaidi, kwa hiyo soma karatasi iliyomo ndani ya boksi lako.

Wapo wanaouza seti nzima, lakini ni nafuu kununua vyungu viwili sokoni: kimoja kikubwa, kingine kinachoingia ndani yake na kubakiza nafasi ya vidole vitatu kila upande. Kabla ya kulipa, omba ujaze maji na ukiache kwa muda. Chungu kizuri kinatoa jasho kwa nje. Kilichopakwa rangi, kilichong'arishwa au kilichowahi kupikia mafuta kina vitundu vilivyoziba, na hapo hakuna ubaridi utakaopatikana. Ufa uliozibwa kwa simenti nao unaua sehemu hiyo ya chungu.

Kuunganisha ni rahisi. Tandaza mchanga wa sentimita 5 chini ya chungu kikubwa, weka kile chungu kidogo juu yake, halafu jaza mchanga pembeni hadi karibu na ukingo. Mchanga wa ufukweni unafaa, maana maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, na mchanga wake hauachi chumvi kwenye udongo. Ila uoshe hadi maji yatoke meupe. Tope laini ndilo huziba vitundu. Mwagia maji mchanga mpaka uloe wote, kisha funika kwa kitambaa kizito kilicholowa, gunia la katani ni zuri zaidi. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni, nusu lita hadi lita moja kila mara kulingana na upepo. Mchanga ukikauka juu tu, ubaridi umeshapungua. Usisubiri ukauke wote.

Mahali pa kuuweka ndipo wengi wanapoharibu. Mtungi hupoa kwa sababu maji yanapogeuka mvuke yanachukua joto, na mvuke hauondoki bila upepo. Ukiufungia kabatini ili watoto wasiufikie, umebaki na vyungu viwili vizito vyenye maji. Uweke kivulini, juu ya mafiga matatu ili hewa ipite hata chini, mbali na jiko la mkaa, karibu na dirisha linaloelekea ziwani. Mchana upepo wetu unatoka ziwani kuja nchi kavu, na ndio muda unaouhitaji. Watoto wafundishwe kwamba si mtungi wa maji ya kunywa, la sivyo kikombe kitazamishwa humo siku hiyo hiyo.

Kichupa kisikae wazi ndani. Kitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, kikiwa wima, na uandike tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika. Bila kopo, lebo inabanduka kwa unyevu na kizibo cha mpira kinaota kuvu. Ndani ya kopo hilo hilo weka kipimajoto kidogo. Kile cha kidijitali kinachokumbuka joto la juu na la chini kinastahili hela yake, kwani bila kipimajoto unakisia tu.

Sasa, sisi watu wa Ziwa tuna shida ambayo wauzaji hawaitaji. Mtungi unapenda hewa kavu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, chumba kikiwa nyuzi 30, kopo langu husoma 24 au 25. Masika hewa imeshiba unyevu, na tofauti hushuka hadi nyuzi mbili hivi. Nafuu ni kwamba chumba chenyewe hakina joto kali. Siku mbaya ni zile za fukuto, mvua imenyesha asubuhi na jua likachoma mchana: chumba 30, ndani 27 au 28. Bado ni chini ya 30, lakini kama karatasi yako inatoa wiki 6 kwa sharti la kutozidi nyuzi 25, usizihesabu hizo 6. Kwa mtungi hesabu 4, basi.

Mbona nisitumie barafu? Kwa sababu barafu inaharibu insulini haraka kuliko joto. Hapa barafu si adimu, soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, sangara wamelala juu yake kutwa, na ndiyo maana watu hushawishika kutia kichupa kwenye chupa ya chai yenye vipande vyake. Kichupa kikigusa barafu iliyotoka sasa hivi kwenye mashine kinaweza kuganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kosa hilo hilo hutokea kwenye friji, kichupa kikiegemea ukuta wa nyuma au kikikaa chini ya sehemu ya kugandishia.

Insulini iliyochoka haitangazi. Ile angavu kama Actrapid ikiwa na ukungu, iache. Ile nyeupe kama Mixtard, izungushe taratibu katikati ya viganja. Ikibaki na madonge au chembe zilizong'ang'ania kioo, iache pia. Lakini nyingi hupungua nguvu huku zikionekana sawasawa. Vipimo vya sukari vikianza kupanda mwishoni mwa kichupa, chakula na dozi vikiwa vilevile na huumwi, shuku kichupa na ufungue kipya. Usijiongezee dozi: siku utakapofungua kichupa chenye nguvu kamili kwa dozi iliyopandishwa, sukari itaporomoka. Vipimo visipotulia baada ya kubadilisha, nenda kliniki.

Matunzo ni machache. Kila mwezi toa mchanga, uoshe, sugua vyungu kwa brashi na maji bila sabuni, uvianike. Uzito ndio kasoro kubwa, ukihama nyumba utatafuta mkokoteni.

Na mtungi hausafiri. Ukienda Nansio, kisiwani Ukerewe, kopo lile lile lifungwe kitambaa cha pamba kilicholowa na likae panapopita upepo wa meli, kivulini, ukikilowesha tena kila kinapokaribia kukauka. Usilitie kwenye begi lililofungwa, wala kwenye buti la gari, wala chini ya siti ya bodaboda ambako injini inachemka.