Kliniki ya ngozi: nimeambiwa fangasi, nimeambiwa gono, kumbe ni septrini

Jina la kliniki sitaji maana nina la kuwasifia na la kuwasema, ila ipo hapahapa Dar na nimeenda mara mbili mwezi huu.

Iko hivi, kama mwaka na nusu nilikuwa natokwa na doa kwenye mdomo wa chini na lingine kule sehemu nyeti, la duara kama sarafu, linaanza kwa kuwasha na kuunguza, kesho yake linafura lengelenge, likipona linaacha weusi. Linatulia miezi halafu paap, limerudi palepale, halisogei hata kidogo. Bibi akasema nimekojolewa na buibui. Duka la dawa wakasema fangasi, wakaniuzia tyubu. Zahanati moja wakasema gono bila kupima chochote wakanidunga sindano, na hapo ndo mke wangu akaanza kulala kageukia ukutani.

Nilivyopiga simu kliniki kubuku wakasema nije na maganda ya dawa zote nilizomeza karibuni, hata za mafua, hata za mitishamba. Nikaona wananisumbua, kumbe ndo kipimo chenyewe! Nilitegemea mashine, dokta hana mashine, kachukua karatasi kachora kalenda, doa lilitoka lini, kabla ya hapo ulimeza nini, ulimeza saa ngapi. Tukaja kuona kila likirudi nilikuwa nimeharisha, na mimi tumbo likichafuka sina mjadala, flajili na septrini, doa linatoka usiku uleule. Akasema mara ya kwanza kabisa dawa inaweza kuchukua wiki moja au mbili kukuonyesha rangi yake, ila ukirudia ni masaa tu.

Sasa ipi kati ya hizo, maana zote mbili zinaweza kuleta doa la hivyo. Hapa ndo alinikosha. Akauliza ushawahi kumeza mojawapo bila mwenzake? Nikakumbuka Desemba niling'oa jino nikapewa flajili na amoksilini siku 5, halikutoka kitu. Akaizungushia septrini kwa peni nyekundu.

Nikamwomba kile kipimo cha damu cha aleji wanachotangaza kila kona, akacheka, akasema kile kinatafuta vumbi, karanga, samaki, mzio wangu huu hakiuoni, kaa na hela yako. Yani dokta anakukataza kulipa! Wala hakutaka nimeze septrini nyingine kuhakikisha. Kaniandikia kadi, salfa marufuku, yani septrini na SP ile ya malaria, niwaonyeshe popote ninapotibiwa, akajaza na fomu ya njano ya TMDA, wale wa mamlaka ya dawa, ya kuripoti dawa iliyomdhuru mtu. Akanionya kwamba doa langu ni la kukera tu, ila mtu akimeza dawa yoyote akapata homa na vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inauma na kubabuka, hapo hakuna kusubiri apointimenti, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo na dawa zako mkononi.

Haya, mapokezi sasa. Yule dada anauliza kwa sauti "kaka tatizo liko wapi?" na watu wamejaa kwenye mabenchi, nikamwambia mdomoni, akanitazama, "mdomoni tu?" Aisee. Wekeni hata kadirisha jamani, watu wanakuja na mambo yao. Na bima hawapokei, kumuona dokta elfu 40, ukirudi ndani ya wiki mbili hulipi. Ukifika baada ya saa 2 asubuhi jua utatoka saa 8 mchana.

Nyota 4, ya tano waikate kwa yule dada. Mara ya pili nilienda na mke wangu, dokta akamfungulia ile kalenda akamwelezea doa kwa doa. Kwenye daladala hakuongea kitu, ila tuliposhuka chipsi alilipa yeye.