Uzoefu wangu: rula ya skeli ya pande tatu katika kuchora upya ramani ya nyumba

Rula hii ya plastiki, yenye pande tatu na urefu wa sentimita 30, niliinunua kwa kazi moja mahususi, nayo ni kuichora upya ramani ya nyumba kutoka skeli ya 1:100 (sentimita moja ya karatasi ni sentimita 100 za jengo) kwenda 1:50, kwa kuwa fundi alihitaji mchoro ambao unene wa kuta na nafasi za milango vingesomeka bila kukodoa macho. Kila upande una skeli mbili, hivyo zote ni sita: 1:20, 1:25, 1:50, 1:75, 1:100 na 1:125.

Sifa yake kubwa ni kumwondolea mchoraji hesabu. Chumba kinachosomeka mita 3.6 kwenye skeli ya 1:100 kinahamishwa kwa kugeuza rula tu na kuweka alama penye mita 3.6 ya skeli ya 1:50. Kwenye karatasi milimita 36 zimekuwa 72, lakini hakuna aliyezidisha chochote. Pembe hazibadiliki, ila eneo la mchoro huwa mara nne, na ndiyo sababu nyumba ya mita 12 kwa 10 iliyokaa vizuri kwenye A4 ilidai karatasi ya A3 ili ibaki nafasi ya kuandika vipimo. Skeli ya 1:20 nayo hutumika kwa 1:200, mradi kila namba isomwe mara kumi. Ilinifaa sana nilipochora kiwanja.

Jambo ambalo rula haiwezi kulitibu ni karatasi ya kuanzia isiyoaminika. Ramani ikipelekwa stesheneri ikuzwe kutoka A4 hadi A3, mashine ya fotokopi huikuza kwa asilimia 141, wala si 200, hivyo iliyokuwa 1:100 inageuka kuwa takriban 1:71, skeli isiyokuwepo kwenye rula hii, huku maandishi ya chini yakiendelea kudai 1:100. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha mstari wowote, nilipima kwanza ukuta ulioandikiwa urefu wake, na kila namba iliyoandikwa ilipopishana na rula nilifuata namba. Ikumbukwe pia kwamba hitilafu ya nusu milimita kwenye 1:100 ni sentimita 5 kwenye jengo, yaani theluthi ya unene wa ukuta wa tofali la inchi 6, na kuikuza hadi 1:50 hakuipunguzi hata kidogo. Kunaifanya ionekane tu.

Kasoro zake zipo. Namba zimechapwa juu ya plastiki, hazikuchongwa, na zile za 1:50, ninazozitumia zaidi, zimeanza kufifia. Pande hazina rangi za kuzitofautisha, hivyo ni rahisi kupima kwa 1:75 ukidhani ni 1:50. Nimebandika kipande cha selotepu upande ninaouhitaji. Sifuri nayo haianzii kwenye ncha, jambo linalohitaji uangalifu. Kuchorea mistari kwa rula hii sishauri, kwa sababu penseli hula kingo zake. Mistari ichorwe kwa rula ya kawaida.

Anayechora kila siku atafute ya alumini yenye namba zilizochongwa. Kwa mwenye ramani moja ya kukuza, hii inatosha, na naipa nyota nne kati ya tano.